Safari ya Msimbati, msimu wa nyangumi kunyonyesha

Jumanne

Tumetoka Masasi na basi la asubuhi, mi na mdogo wangu wa kiume, likizo yangu imeangukia mwanzoni mwa Septemba na safari hii nilishasema siendi kukaa sebuleni kwa mtu, naenda Msimbati, pwani ya Mtwara, kuona nyangumi. Mi ni nesi, nafanya kazi wodi ya wazazi, na kuna mama mmoja wa huko pwani aliwahi kunipa stori usiku tukiwa tunasubiri uchungu uchanganye, akasema kwao kipindi cha kusi, ule upepo wa kusini, nyangumi wanakuja na watoto hadi ukiwa ufukweni unawaona wakipuliza. Tangu hapo hiyo habari haikunitoka.

Tumeshukia Mikindani kwa shangazi, mji wa kizamani ule, magofu na minazi na bahari imeingia ndani kabisa. Jioni shangazi katuita barazani kuna mzee jirani yake alikuwa baharia wa meli za nje, tukamwamkia shikamoo baba, marahaba wanangu, mnaenda kutafuta nini Msimbati, nikamwambia. Akacheka kwa furaha kabisa akasema kumbe kuna watu wanasafiri kwenda kuangalia mama na mtoto, basi kaa nikwambie ya sili.

Sili huku kwetu hawapo, ni mnyama wa baharini wa maji ya baridi, ana manyoya na mapezi, anazalia nchi kavu. Mzee alikaa sana Walvis Bay kule Namibia na akafika Cape Cross, pale sili wanajaa kwa maelfu, anasema harufu unaipata kabla hujaona kitu. Madume yanatangulia kufika, kila dume linashika kipande chake cha ufukwe na linakilinda kwa kupigana, wiki na wiki halili, limenenepa limezidi jike zaidi ya mara tatu. Majike yanakuja yana mimba tayari, yanajifungua mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, afu kama wiki moja tu baada ya kujifungua jike anapandwa tena.

Hapo mi nikamkatisha, nikamwambia baba subiri, wiki moja na mimba nyingine? Yeye hakuwa na jibu lakini hili nilishalisoma na ndo kitu kilichonishangaza kuliko vyote kuhusu sili: mimba inatungwa kweli, ila haijishikizi kwenye mji wa mimba, inakaa tu imesimama karibu miezi minne, ndo baadae inajishika na kuanza kukua. Kwa hiyo mwaka unatimia na wote wanazaa msimu uleule mmoja. Mi kazini nahesabu wiki za mimba kila siku, kwa hiyo kitu hiki nimekifikiria sana.

Afu mama anaenda baharini siku kadhaa kutafuta samaki, mtoto anabaki na wenzake, weusi wote wanafanana. Akirudi anasimama ufukweni anaita, watoto kibao wanamkimbilia maana wote wana njaa, anawasukuma mpaka apate sauti ya wake, ananusa, ndo ananyonyesha. Mzee anasema aliona mtoto ambae mama yake hakurudi, anajaribu kwa huyu anafukuzwa, kwa yule anafukuzwa, na bweha wamekaa pembeni wanasubiri. Aliposema hivyo akanyamaza kidogo na sote tukanyamaza.

Jumatano

Leo maji ya bamvua, yamekauka sana. Tumevuka na feri kwenda Msangamkuu kwa sababu mdogo wangu ana rafiki yake kule, na mama wa huyo rafiki anavua pweza. Tumemfuata kwenye mwamba saa nne asubuhi, kina mama wengi wametawanyika na vijiti vyao na vikapu, wanatembea wanaangalia mashimo tu, mi sioni kitu wao wanaona.

Kuna shimo moja kachungulia, kwenye dimbwi lililobaki na maji ya magotini, kaingiza kijiti taratibu afu kakitoa. Kaniita, mwanangu njoo uone huyu kakaa na mayai. Nimeinama mpaka uso unagusa maji, mwanzoni naona giza tu, afu jicho likazoea nikaona ngozi imepauka na juu yake, kwenye dari la shimo, mayai yananing'inia kama vishada vya mchele. Na pweza anayapulizia maji, unaona vile vishada vinacheza kidogo halafu vinatulia, afu tena. Mama akasema huyu hata ukimtoa hana nyama, amekwisha, maji matupu. Akamwacha akaenda shimo lingine.

Na ni kweli anakwisha. Pweza jike akishataga hali tena, anakaa hapo anayasafisha mayai na kuyapulizia maji mapya mpaka yaanguliwe, afu anakufa. Mara moja tu maishani. Watoto wake hawezi kuwaona wakikua, wanatoka wadogo sana wanachukuliwa na mkondo. Dume nalo linakufa muda si mrefu baada ya kupanda, na hata kupanda kwenyewe linafanya kwa mbali, linanyoosha mkono mmoja maalum wa kupitishia mbegu kwa sababu jike akiwa na njaa anaweza kumla.

Yule mama ananiambia yeye mwenye mayai huwa anamwacha ila wengine wanachukua, hasa wanaochokoa kwa nondo wanavunja na shimo lenyewe. Huko visiwani Mafia na Kilwa kuna vijiji vimewahi kukubaliana kufunga mwamba miezi kadhaa pweza wakue ndo wafungue, na mi naona ni jambo la maana sana hata huku, maana pweza anakua haraka mno, anaishi kama mwaka hivi, ukimpa nafasi azae unaiona faida msimu unaofuata, husubiri miaka kumi.

Alhamisi

Mtwara mjini hadi Msimbati, kupitia Madimba, na Hiace hadi mwisho wa uwezo wake afu bodaboda kwenye mchanga. Mikorosho imeanza kuchanua. Tumelipa ada ya hifadhi, maana hapa ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilianzishwa 2000, kilomita za mraba 650, na kusini kabisa ni Msumbiji hiyo unaiona. Upepo mkali mchana kutwa. Nahodha tuliyeunganishiwa kasema kesho hatoki, kesho kutwa alfajiri bahari itakuwa imetulia. Tumelala mapema.

Ijumaa

Kwa vile boti haitoki tumeenda upande wa ndani wa ghuba, kwenye matope na mikoko, maji yakiwa yamekupwa. Nilikuwa nimeenda kupoteza muda tu lakini hii siku imenipa kitu ambacho sikukitegemea kabisa.

Kuna ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kupita kiasi, kwa kitaalamu anaitwa Dromas ardeola, kazi yake kula kaa. Walikuwa kundi limesimama kwenye mchanga. Mdogo wangu ndo aliyegundua kwamba kuna wengine wana rangi iliyofifia, wa kijivujivu, na kila wa kijivu anamfuata mkubwa mmoja mwenye mgongo mweusi hatua kwa hatua, kichwa amekishusha mabegani, anapiga mluzi mwembamba bila kuacha. Yani analilia chakula!

Tukakaa chini kwenye mzizi wa mkoko tukaangalia jozi moja tu, karibu saa nzima. Mkubwa anakimbia kidogo, anasimama, anachoma mdomo kwenye tope, anatoa kaa. Anampiga chini, anamtikisa mpaka miguu inachomoka, anampiga tena. Yule mtoto ameshafika, mwili sawasawa na wa mzazi, mdomo wazi, na mzazi anaweka kaa chini mbele yake. Mtoto anamuokota, anamdondosha, anamuokota tena kwa upande usio sahihi, mzazi amesimama tu anangoja. Alipofanikiwa kummeza, mluzi ukaanza upya saa hiyohiyo.

Sasa ngoja nieleze kwa nini hii ni kubwa. Hawa ndege hawazalii hapa. Wanazalia Somalia, Eritrea, Oman, Iran, huko kwenye pwani na visiwa vya joto kali, kati ya mwezi wa nne na wa nane. Wanachimba shimo refu kwenye mchanga, jike anataga yai moja tu jeupe, na joto la mchanga lenyewe linasaidia kulea yai, wao wanaweza kwenda kutafuta kaa na yai likabaki salama. Ndege wengi wa jamii hii ya ufukweni mtoto akianguliwa tu anatembea na kujitafutia, huyu hapana, anakaa shimoni analetewa. Afu msimu ukiisha mzazi anaruka na mwanae bahari yote hiyo mpaka kwetu, na akifika bado anamlisha, miezi kadhaa. Kumshika kaa bila kuumwa sio kitu cha kujua kwa siku mbili, inabidi ufundishwe au angalau usindikizwe ukijifunza.

Kwa hiyo ukiona kundi limetulia kwenye mchanga wa Ghuba ya Mnazi na ukawarusha kwa kukimbia katikati yao upate picha, unakuwa umekatisha somo na mlo kwa wakati mmoja, na maji yakupwa ni masaa machache tu kwa siku.

Jioni nikawa namsimulia nahodha, nae akaniambia kuna fungu moja huko nje ya Zanzibar ndege wanazaa kwa maelfu. Ni Fungu Kizimkazi, ni kweli, kisiwa kidogo tambarare hakina mti, wanazalia buabua, ndege wa jamii ya shakwe, wa aina kadhaa na ndege wakubwa weupe wenye uso mweusi wanaojirusha baharini kudaka samaki. Hao wakubwa, baba na mama wanapokezana kulalia, na hawalalii kwa tumbo, wanafunika mayai kwa nyayo zao zenye utando zilizojaa damu ya moto. Wanataga mawili. La kwanza linaanguliwa siku kadhaa kabla ya la pili, na wa kwanza akiwa mzima anamsukuma mdogo wake nje ya kiota afe. Wazazi hawaingilii. La pili lilikuwa la akiba, kama la kwanza lingeharibika. Nahodha alinyamaza afu akauliza, dada nesi, na mama anaona? Nikamwambia anaona.

Jumamosi

Tumetoka kabla jua halijachomoza, boti ya faiba, mashine moja, laifu jaketi tumevaa. Nje ya mwamba maji yanakuwa ya kina ghafla, rangi inabadilika ukiangalia tu. Nahodha kazima mashine tukawa tunaelea. Kimya, mawimbi marefu ya kusi yanatunyanyua na kutushusha.

Wa kwanza alipuliza mbali, safu nyeupe ikasimama hewani. Baadae ukasikika mwingine, karibu zaidi, mdogo, pfff fupi kabisa, na nahodha akasema kwa sauti ya chini, huyo mtoto, tulieni.

Mama alikuwa chini. Mtoto anapanda peke yake kupumua maana mapafu yake hayawezi kukaa muda mrefu, anavuta, anazunguka palepale, anashuka, baada ya dakika chache anarudi. Mara kadhaa ni yeye tu. Afu maji yakawa meupe chini yake, kumbe ni mapezi ya mama, nyangumi wa nundu ana mapezi ya ubavuni marefu sana, karibu theluthi ya mwili, na mama akapanda polepole mpaka mtoto akajikuta yuko juu ya kichwa cha mama yake. Akateleza upande. Akarudi akapanda tena mwenyewe. Mgongo wa mama ulivyokuwa unapita ulipita, ukapita, nikaona nundu, nikaona makovu, ndo ukaja mkia. Mdogo wangu alikuwa analia na hakuficha.

Mtoto wa nyangumi huyu anazaliwa na mita nne na kitu, uzito kama tani moja. Mimba ni kama miezi 11 hivi hadi mwaka. Mama anasafiri toka bahari ya barafu ya kusini, kule ndo kwenye chakula, anakuja huku kwenye joto kuzaa na kunyonyesha, na muda wote akiwa huku hali, au niseme hapati cha maana. Maziwa yote yale anayatoa kwenye mafuta ya mwili wake, na ni maziwa mazito mno, karibu nusu yake mafuta. Mi nimewaona kina mama wanaonyonyesha wakiwa hawajala siku moja tu wanavyokuwa. Huyu ni miezi, na bado ana safari ya kurudi kwenye barafu huku mtoto yuko ubavuni. Atamnyonyesha karibu mwaka, na mtoto mwingine ni baada ya miaka miwili au mitatu.

Kulikuwa na wa tatu, mkubwa, kwa nyuma kidogo. Nahodha anamuita baba lakini sio baba. Ni dume linalofuata jike mwenye mtoto likisubiri nafasi, wakati mwingine yanakuja madume kadhaa yanagombana, yanagongana, yanatoa damu, na mtoto yuko katikati ya vurugu. Dume halilei kabisa. Kazi yake nyingine ni kuimba, na madume ya eneo moja yote yanaimba wimbo mmoja, na wimbo unabadilika kadiri miaka inavyoenda, yote yanabadilika pamoja. Kijana wa boti anasema akizamia huko nje kipindi hiki anausikia kifuani kabla ya masikioni.

Na mtoto na mama wananong'ona. Huko Australia watafiti waliwabandika mama na watoto vifaa vya kurekodi wakachapisha matokeo 2017, wakakuta sauti za mtoto kwa mama yake ni za chini sana, hazifiki mbali. Inaelekea sababu ni kwamba wakipaza sauti nyangumi muuaji atasikia, au hilo dume litasikia likaja.

Sasa fikiria mashine ya boti juu ya mnong'ono huo.

Maana ndo kilichotokea. Imekuja boti nyingine na vijana, mbio, simu juu, wanapiga kelele, wakaenda moja kwa moja kwa mtoto maana ndo anaeonekana juu. Mama akageuka, nimemuona akipita chini ya mtoto akatokea upande wa boti, akakaa katikati. Akapiga mkia kwenye maji, mara moja, mara mbili, kishindo hicho mpaka boti yetu ikatikisika. Boti ile ikaendelea kuwazunguka. Wakashuka wote, walipotokea tena walikuwa mbali wanakwenda kaskazini kwa nguvu, mtoto anaruka ruka kufuata. Nahodha wetu aliwaita wale vijana, hakutukana, akawaambia wanangu yule ananyonyesha, mmemkatisha, mngezima tu mashine angekuja mwenyewe. Mmoja akasema samahani mzee hatukujua. Naamini hakujua kweli, na ndo maana naandika.

Karne iliyopita kusini mwa dunia waliuawa nyangumi wa nundu zaidi ya 200,000. Walilindwa kuanzia 1963, afu uwindaji wa biashara wa nyangumi wote ukasimamishwa 1986. Hawa tunaowaona leo ni waliozaliwa na wachache waliobaki, mtoto mmoja mmoja.

Jumapili

Mchana hamna, nimefua nguo na kula samaki. Nahodha kaja kukaa na sisi, kanisimulia mtoto wa nyangumi aliyenasa kwenye jarife miaka ya nyuma, mama alikaa pale mpaka usiku. Waliukata wavu wenyewe wavuvi, hasara ya wavu mzima, akaenda. Anasema tangu hapo kuna wenzake msimu huu hawategi jarife nje ya mwamba, na mi nawaheshimu sana kwa hilo kwa sababu wavu ndo ada ya watoto.

Usiku tumemfuata mlinzi wa viota, mwezi ulishazama. Kiota cha kasa kilichotimiza siku zake, karibu 60. Kazima tochi, katuambia na simu ziwe mfukoni. Tumekaa sana mpaka mchanga ukabonyea kidogo, shimo dogo, afu kichwa, afu vyote kwa pamoja vinachemka kutoka, viko urefu wa kidole, vinakimbilia bahari. Hakuna mama. Alitaga mayai mia na kitu, akafukia, akaondoka, na hatawajua. Hata baba inawezekana wako zaidi ya mmoja kwa kiota hichohicho, kasa jike anapandwa na madume kadhaa na anahifadhi mbegu. Nani jike nani dume imeamuliwa na joto la mchanga, ukizidi kama nyuzi 29 majike wanakuwa wengi.

Kuna kimoja kiligeuka kikaenda upande wa kijiji, kulikuwa na taa ya nyumba moja juu kule. Mlinzi akasimama mbele yake akaizuia ile taa kwa kivuli cha mwili wake tu, hakukigusa. Kikasimama. Kikageuka kikaenda. Vifaranga vinafuata mwanga, zamani upande wenye mwanga zaidi usiku ulikuwa wa bahari. Asubuhi ameenda kuongea na mwenye nyumba, amekubali kuizima usiku msimu wa kuanguliwa.

Jumatatu

Kurudi. Bodaboda, Hiace, basi. Kwa anaetaka kwenda: nyangumi wanakuwepo Julai hadi Novemba, mi naona Agosti na Septemba ndo bora kwa mama na mtoto, toka alfajiri kabla upepo haujaamka. Mwambie nahodha mapema kabisa, kabla hamjapatana bei, kwamba unataka mashine izimwe mita mia mbili na zaidi na hutaki kufukuzana. Akikataa tafuta mwingine, wapo. Ndege wa kaa waangalie maji yakianza kukupwa, kaa chini mbali, nenda na darubini kama unaweza kuazima. Viota vya kasa usiende bila mlinzi. Na ukiwa kwenye mwamba ukaona pweza amepauka hatoki shimoni, mwambie na mwenzio asichokoe.

Mdogo wangu ameshaniambia mwakani anarudi, anataka kuzamia na yule kijana asikie wimbo.